STAA AMWANIKA FUNDI KISA DIFU INAVUJA, KUMBE RANGI YAKE MWENYEWE NDIYO ILIYOZIBA PUMZI!

Mjini wiki hii hakuna habari ya penzi wala ya albamu. Habari ni doa la oili.

Staa mmoja wa kiume, yule ambaye kila akikaribia kutoa wimbo lazima kitangulie kisanga, kasimama nyuma ya pikapu yake ya kizamani, kawasha simu, kaenda laivu dakika kumi na nne nzima anamchana fundi wake. Na sio kumchana kwa mafumbo. Kaonyesha sura ya kijana wa watu, kaonyesha gereji, kaonyesha mpaka kibao chenye namba ya simu. Kosa la fundi? Kabadilisha sili ya difu mara tatu ndani ya mwezi mmoja na bado oili inadondoka kwenye pevingi za nyumbani kwa staa.

Komenti zikamiminika kama mvua ya masika. "Mafundi wote wezi." "Pole kaka, Bongo hakuna mafundi kuna wababaishaji." "Tutajie gereji tukaichome." Kufika jioni kijana kazima simu. Wateja wawili wamekuja kuondoa magari yao, moja likiwa bado giaboksi iko chini, likavutwa na kamba.

Sasa ukweli wa hilo doa umeshajulikana, na hauko upande wa ile laivu. Tena unawahusu wengi, maana siku hizi kila mwenye jina mjini anataka chuma cha zamani cha kupigia picha, na kila chuma cha zamani kina siku yake ya kuvuja.

GARI LA PICHA

Chuma chenyewe ni Toyota Hilux dabo kebini ya miaka ya tisini, dizeli. Jamaa kalitoa mkoani kwa mzee aliyekuwa akibebea nyanya. Kwenye uchaguzi hana kosa, Hilux za zamani ni ngumu kweli. Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha BBC Uingereza waliichukua Hilux moja ya dizeli wakaizamisha baharini, wakaichoma moto, mwisho wakaipandisha juu ya ghorofa na ghorofa lenyewe likabomolewa. Ikawaka. Ndiyo maana watu wanaamini gari hii haifi.

Lakini hata ile ilikuwa na mafundi pembeni. Wanaosimulia wanasahau hicho kipande.

Staa kalipokea gari akafanya wanachofanya mastaa. Rangi mpya isiyong'aa. Rimu nyeusi. Taa za duara juu ya kebini. Siti za ngozi. Na chini, ili picha za kupiga kwa kulala chali zitoke kali, gari lote likapuliziwa ile rangi nzito nyeusi ya kuzuia kutu, kuanzia chesesi mpaka difu. Kila kitu cheusi tii. Kepsheni ikasema "Mzee kaamka", laiki zikafika anga za juu.

Wiki mbili baadaye mzee akaanza kujikojolea.

Ndipo kijana wa gereji akaitwa. Na kwa mujibu wa waliokuwepo siku ile, alisema neno moja la maana sana ambalo kwenye laivu halikutajwa. Alisema, "Bosi, niachie gari siku moja nilioshe chini, nilikaushe, nione inatokea wapi." Jibu la bosi? "Nina shoo saa mbili usiku. Badilisha sili, nakupa hela, naondoka."

Kabadilisha. Ikavuja. Kabadilisha tena. Ikavuja. Mara ya tatu ikavuja kupita mwanzo. Na hapo simu ikatolewa mfukoni.

DIFU HAINA TAA KWENYE DASHIBODI

Kwa wasiojua, difu ni lile tumbo la duara katikati ya magurudumu ya nyuma. Propela inatoka mbele kwenye giaboksi ikizunguka, inaingia kwenye difu, ndani kuna gia ndogo inaitwa pinioni inayouma gia kubwa inaitwa krauni, na mzunguko unakata kona kwenda kwenye magurudumu mawili. Ukikata kona na gari, gurudumu la nje linakwenda mbio kuliko la ndani, difu ndiyo inayoruhusu hilo. Bila difu gari lingekuwa linaburuza tairi kila kwenye kona.

Humo ndani kuna oili nzito, kwa Hilux nyingi za zamani ni kama lita mbili hivi kutegemea modeli. Lita mbili tu. Ndogo kuliko dumu la maji ya kunywa la staa akiwa jukwaani. Na hizo lita mbili ndizo zinazotenganisha chuma na chuma kinachosagana chini ya tani nzima ya gari na mzigo.

Injini ikiishiwa oili ina taa nyekundu. Ikichemka ina mshale. Difu haina taa wala mshale. Ina lugha mbili tu: doa chini ya gari, na baadaye sana mlio wa "wiii" ukikanyaga mafuta. Ukifika kwenye mlio, ujue krauni na pinioni zimeshaanza kulana. Na ikikauka kabisa inaweza kukaba, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka gari likiwa kwenye mwendo.

Kwa hiyo doa ni ujumbe. Aliyetumiwa ujumbe akampiga tarishi.

OILI HAITOKEI UNAPOIONA

Hapa ndipo mastaa, madereva, na mafundi wengi wa haraka haraka wanapopigwa chenga. Tone linadondoka chini katikati, basi "sili imekufa". Nani kasema? Oili inateleza. Inatoka juu, inafuata gamba la difu, inajikusanya sehemu ya chini kabisa ndipo inadondoka. Gari likiwa mbio, upepo nao unaisukuma nyuma. Oili inaweza kutoka kwenye giaboksi mbele kabisa, ikapeperushwa, ikaipaka difu, na difu ikasingiziwa.

Sehemu zinazovuja kwenye difu ya nyuma ya pikapu kama hii zinajulikana, hazizidi vidole vya mikono.

Ya kwanza ni mdomo wa pinioni, pale propela inapoingia. Sili ya hapa ikichoka, ile flenji inayozunguka inarusha oili kama mtu anayekung'uta nguo mbichi. Utakuta matone yametapakaa kwenye sakafu ya gari juu yake. Lakini kabla ya kununua sili, shika flenji uitikise juu chini. Ikicheza, beringi imelegea, na sili mpya utakayoweka itakufa kama ya zamani. Propela ikitolewa na flenji ikachomolewa, pitisha kucha mahali sili inapokaa. Kucha ikinasa kwenye mfereji, tatizo ni flenji, sili haina kosa. Na ile nati ya pinioni sio ya kufungwa kwa hasira. Kwenye difu nyingi ndani kuna bushi laini inayojikunja kwa kipimo, ukikaza kupita kiasi umeua beringi kwa mkono wako. Fundi mwenye akili anaweka alama kabla ya kufungua.

Ya pili ni gasketi ya kichwa cha difu. Kwenye Hilux hizi kichwa kinatolewa kwa mbele, kimezungukwa na nati. Gasketi ikichoka juu, oili inashuka pembeni inafika chini, na kila mtu anailaumu plagi.

Ya tatu ni plagi zenyewe, ya kujazia na ya kumwagia. Hapa dawa ni washa mpya. Lakini kuna watu wanarudisha ile ile iliyobonyea miaka kumi, halafu wanapaka silikoni nje kama mtu anayepaka poda juu ya kidonda.

Ya nne ni kwenye gurudumu, na hii ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Mwisho wa ekseli kuna sili inayozuia oili isiingie kwenye breki. Ikifa, oili inaingia kwenye dramu, inalowesha brekishuu. Utaona ukuta wa ndani wa tairi umelowa, na bamba la breki lina ute. Wengine wanadhani ni maji ya breki. Tofauti ipo: maji ya breki ni mepesi na kikopo chake kule mbele kitapungua, oili ya difu ni nzito na ina harufu kali kama ya kiberiti.

Ya tano ni gamba lenyewe. Pikapu iliyobeba nyanya, mchanga na mawe miaka ishirini inaweza kuwa na ufa kwenye weldingi, au tundu la kutu nyuma. Hapo hata ubadilishe sili za dunia nzima.

Ya sita ni ile ambayo hakuna anayeitazama kwa sababu haionekani kwenye picha. Inaitwa briza.

KADUDE KADOGO KENYE MAJUNGU YOTE HAYA

Briza ni katundu ka kupumulia juu ya ekseli, kana kakofia kadogo. Kazi yake ni moja. Difu ikitembea inapata moto, hewa ya ndani inatanuka, inatafuta pa kutokea. Briza inaitoa. Gari likipoa hewa inarudi. Basi, hakuna uchawi.

Sasa ziba hako katundu. Kwa matope, kwa kutu, au kwa rangi nzito nyeusi ya kupendezesha picha. Hewa ya moto itatokea wapi? Itasukuma oili. Oili nayo itatafuta mahali palipo dhaifu, itapita kwenye mdomo wa sili hata kama sili imetoka dukani leo asubuhi. Unabadilisha sili, inavuja. Unabadilisha, inavuja. Mpaka umalize duka la Gerezani.

Na kuna upande wa pili ambao watu wa Dar wangepaswa kuujua kuliko wote. Difu yenye moto ikiingia kwenye maji ya Jangwani siku ya mvua, inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta. Briza ikiwa imeziba, itavuta maji kupitia zile zile sili. Ikiwa iko wazi lakini imezama, itavuta maji yenyewe, ndiyo maana watu wa safari za porini wanaifunga mpira mrefu ukapanda juu. Ukifungua plagi baadaye ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, ujue difu imekunywa mafuriko.

Haya, turudi kwa staa. Siku moja baada ya laivu, dereva wake aliona bora aokoe roho yake. Huyu dereva ndiye anayeliendesha hilo gari wakati bosi kalala siti ya nyuma na miwani meusi, na Jumamosi walikuwa na safari ya Iringa, wao watatu na spika nyuma. Akalipeleka gari kimya kimya kwa mzee mmoja wa Tandika, fundi wa siku nyingi asiye hata na simu ya kuposti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hili gari nani kalipaka lami?"

"Sio lami mzee, ni rangi ya kuzuia kutu. Bosi anapenda."

"Na briza mmeiweka wapi?"

Dereva hajui briza ni nini. Mzee akalegeza plagi ya kujazia taratibu, kitambaa mkononi, gari likiwa bado na moto wa safari. Ikatoa pumzi, "fssss", kama soda iliyotikiswa. Waliokuwepo wote wakasikia. Kisha akaingia chini na bisibisi, akakwangua uvimbe mdogo mweusi juu ya ekseli. Chini ya rangi kulikuwa na kakofia, kameganda kabisa.

Hakuishia hapo, na hapa ndipo penye somo. Mtu mwingine angesema "nimeipata" akadai hela. Mzee akaosha difu nzima kwa mafuta ya taa na brashi, halafu maji na sabuni, akaikausha. Akamwambia dereva anunue poda ya mtoto. Akanyunyiza nyeupe kila mahali, kwenye mdomo wa pinioni, kwenye kiungo cha gasketi, kuzunguka plagi, nyuma ya magurudumu. Kwenye plagi ya kujazia akapima kwa kidole gari likiwa tambarare: oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa tundu. Haikuwepo. Akajaza mpaka ukingoni, ile ya daraja la GL-5 ambayo difu za aina hii zinataka, akafunga kwa washa mpya. Briza nayo akaweka mpya. Akasema nenda, tembea nusu saa, rudi.

Gari liliporudi, poda kwenye pinioni ilikuwa kavu. Nyeupe pe. Ile sili ya tatu, ya yule kijana aliyeitwa mwizi mbele ya maelfu ya watu, ilikuwa nzima na imekaa sawa.

Poda iliyolowa ilikuwa ya gurudumu la nyuma kushoto. Wakafungua dramu. Brekishuu zilikuwa zinang'aa kama chapati iliyozidi mafuta. Ule msukumo wa hewa ulikuwa umeshaiumiza sili ya ekseli upande ule, na oili ilikuwa inaingia kwenye breki kimya kimya wakati macho ya watu wote, staa na mashabiki, yako kwenye tone la katikati.

KITONGA HAINA LAIVU

Sasa fikiria hiyo safari ya Jumamosi. Dar kwenda Iringa lazima upite Kitonga. Kwenda ni kupanda, unaitesa injini. Kurudi ni kushuka, unazitesa breki, kona baada ya kona, malori mbele na nyuma, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Gurudumu moja la nyuma likiwa na brekishuu zilizolowa oili, ukikanyaga breki moja inashika nyingine inateleza, gari linajivuta upande. Hilo sio jambo la komenti. Ni watu watatu na kila atakayekutana nao kwenye ile kona.

Na brekishuu zilizolowa oili hazisafishwi kwa petroli zikarudishwa. Zinatupwa, zinawekwa mpya pande zote mbili. Mzee aliligomea gari lisitoke mpaka hilo lifanyike. Safari ikaenda kwa gari la kukodi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa staa: hizo hela za rimu zilipatikana, za rangi zilipatikana, za taa nne za juu ambazo hazijawahi kuwashwa Masaki zilipatikana. Ya siku moja ya kuosha difu na kutazama ndiyo ilikosekana?

Hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipo, na sio wake peke yake. Mjini watu wanalipia kitu wanachokiona. Sili unaishika, imo kwenye boksi, ina bei. Kutazama hakuna boksi. Fundi akikuambia "nipe muda nichunguze" unaona anakupotezea muda, akikuambia "leta hela nibadilishe" unaona ni fundi wa ukweli. Halafu huyo wa pili akikosea unasema katapeli. Wewe ndiye uliyemlipa asifikiri.

Yupo na dada mmoja wa mitandaoni, mwenye duka la vipodozi, naye ana pikapu la zamani la rangi ya waridi la kubebea mzigo. Lake lilikuwa linavuja na kulia. Ushauri alioupata kwa shemeji: jaza grisi humo ndani, litanyamaza. Likanyamaza kweli. Huo ni mchezo wa zamani wa wauza magari, grisi nzito inaziba mlio na kupunguza kuvuja mpaka mnunuzi afike kwake. Lakini grisi hairuki na gia kwenda kulainisha beringi za juu kama oili inavyofanya. Inakaa pembeni inatazama chuma kikisagika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwezi uliofuata pikapu la waridi lilionekana limepandishwa juu ya gari la kuvuta, na kepsheni ilisema "Nimehusudiwa".

Hakuna aliyekuhusudu, dada. Ni grisi.

NA FUNDI ASIJITOE

Haki isemwe pande zote. Yule kijana hakuwa tapeli, lakini hana usafi wa malaika. Mara ya kwanza kutii amri ya bosi inaeleweka, njaa ni njaa. Mara ya pili alipaswa kusita. Mara ya tatu kufungua difu ile ile, kuweka sili ile ile, bila kuuliza kwa nini mbili za kwanza zimekataa, hiyo sio kazi ya fundi, ni kazi ya muuza sili. Fundi anapokubali kuamrishwa dawa na mgonjwa, siku mgonjwa akizidiwa ataulizwa yeye.

Mafundi wenye msimamo wapo na mji unawajua. Ni wale wanaosema "Kama hutaki niangalie, peleka kwingine." Hawana wafuasi wengi. Ila magari yao hayarudi.

Lakini uzito wa makosa haufanani. Kosa la kijana lilikuwa la spana, linarekebishika. Kosa la staa ni la kuchukua jina la mtu anayelala njaa asipofungua boksi la spana na kulitupa kwa mashabiki walitafune, kwa tatizo ambalo alilipaka rangi yeye mwenyewe na kulilipia.

Watetezi wake wanasema "Alikuwa na hasira, mteja ana haki ya kulalamika." Haki anayo. Mteja anarudi gereji, anadai maelezo, anadai hela yake, akikataliwa anaenda kwenye vyombo vinavyohusika. Kuonyesha namba ya simu ya mtu mbele ya umati uliochemka sio kulalamika. Tena kwenye laivu nzima, dakika kumi na nne, kamera haikushuka chini ya gari hata mara moja. Alionyesha doa, akaonyesha fundi, akaonyesha rimu. Katikati ya doa na fundi kuna kitu kinaitwa ushahidi, hicho hakikupigwa picha.

WENYE PIKAPU NYUMBANI, SOMENI HAPA

Sio kila uvujaji ni briza. Atakayetoka hapa akibadilisha briza bila kutazama atakuwa kafanya kosa lile lile kwa jina jipya. Sili zinakufa kweli, gasketi zinachoka kweli, hasa gari lenye umri wa kuoa. Ukikuta doa fanya hivi. Weka boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku, paki mahali tambarare, asubuhi utajua tone linaangukia wapi. Linuse, lishike: ni oili ya difu, ya giaboksi au maji ya breki? Kisha oshesha chini, kausha, poda, tembea, tazama. Tafuta palipolowa juu kabisa na mbele kabisa, huko ndiko inakoanzia, vingine vyote ni mteremko. Angalia briza kila unapobadilisha oili, na kila ukitoka kupaka rangi chini. Mwambie mpaka rangi aifunge kwa karatasi kabla hajapuliza.

Na kabla hujafungua plagi ya kumwagia, hakikisha kwanza ya kujazia inafunguka. Kuna watu wamemwaga oili yote halafu plagi ya juu ikagoma, gari likalala hapo hapo.

Oili iliyotoka isionekane tu rangi. Ute mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya plagi ni kawaida kwa gari la umri ule. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole sio kawaida. Hapo usihangaike na sili, fungua kichwa cha difu utazame meno.

Yote hayo hayafiki bei ya taa moja ya juu ya kebini.

Mpaka habari hii inapanda, ile laivu bado ipo kwenye ukurasa wa staa na laiki zinaongezeka. Gari limepona, limeshapigiwa picha mpya ufukweni, kepsheni inasema "Mzee hafi". Dereva kaambiwa asitie neno. Mzee wa Tandika hajatajwa popote. Na yule kijana bado namba yake haipatikani, gereji kafungua lakini kibao kakitoa.

Anachodaiwa staa kinahesabika. Afute ile laivu. Kisha asimame pale pale nyuma ya pikapu, dakika kumi na nne zile zile, aseme sili ilikuwa nzima, ataje jina la fundi kama alivyolitaja mwanzo, na safari hii kamera ishuke chini ionyeshe ile briza. Akisema hana muda, shoo yake ya saa mbili usiku tunaijua, anachelewaga mpaka saa sita.

Wadau mnasemaje, staa aombe radhi au fundi alistahili? Na nani kati yenu keshawahi kubadilishiwa sili mara tatu? Shusha komenti yako hapo chini, ila jina la fundi liache. Ukikuta doa, piga picha doa.